Kitabu Kisicho na Funzo

Kamati ya kupendekeza vitabu vya kusoma kwa madarasa ya juu ya shule za msingi ilikutana kila Alhamisi katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Meza yao ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo mjumbe akiegemeza kiwiko upande huu, chai ya mwenzake ilimwagika upande ule. Mwenyekiti alikaa pasipotikisika. Alikuwa na utaratibu wake: anachukua kitabu, anakigeuza hadi ukurasa wa mwisho, anatafuta maneno "Hadithi hii inatufundisha kwamba." Akiyaona, anaguna kwa kuridhika na kukiweka kulia. Asipoyaona, kushoto. Vitabu vya mwaka mzima viliisha kabla chai haijapoa.

"Hivi Mwenyekiti, hakuna anayevisoma kuanzia mwanzo?" Mwalimu aliuliza siku yake ya kwanza.

"Mwanzo wa nini?" akasema Mwenyekiti, na wala hakuwa anatania.

Mwalimu alifundisha darasa la tano. Aliingizwa kwenye kamati kwa sababu Mwongozo wa Kamati ulitaka awepo mwalimu walau mmoja, kama nyumba inavyotakiwa kuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Wajumbe wengine walikuwa Katibu, ambaye aliandika, na Mkaguzi mstaafu, ambaye alisinzia. Mwalimu peke yake ndiye aliyebeba vitabu kwenda navyo nyumbani, maana alikuwa amechoshwa. Darasa lake lilijua kusoma na halikusoma. Mpe mtoto kitabu, atakimbilia ukurasa wa mwisho, atanakili funzo kwenye daftari, atakurudishia. Wote walishajua kwamba tamaa ni mbaya na uvivu ni mbaya, na hakuna aliyekuwa na haja ya kusikia zaidi.

Isipokuwa Kifutio. Huyu alipewa jina hilo kwa kufuta ubao kwa mkono wa sweta lake. Yeye hata ukurasa wa mwisho hakuufungua. "Mwalimu, kinaishia kwenye kutii," alisema, akakirudisha kitabu kabla hakijapata joto la mkono wake. Hakuwa amewahi kumaliza kitabu hata kimoja tangu azaliwe, na jambo hilo lilimnyima Mwalimu usingizi.

Vitabu vya kamati Mwalimu alivisoma sebuleni, mama yake mzazi akishona cherehani pembeni. Kila alipomaliza kimoja, mvi ziliongezeka na goti la kushoto likaanza kulia. Alizoea. Kisha akafungua kile kilichoitwa *Mbuzi Aliyekula Suruali ya Harusi*. Alipofika katikati, miguu yake ilikuwa haigusi sakafu. Alipofika mwisho, saa ya mkononi ilikuwa imedondoka, gauni limemmeza, na lile pengo la jino la mbele limerudi mahali pake pa zamani.

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye sindano.

"Nilikulea mara moja nikachoka," alisema. "Sasa unataka nianze upya? Haya, kwa vile umeshakuwa mdogo, vyombo viko jikoni."

Mwalimu aliviosha vyombo, amesimama juu ya kigoda. Halafu akachukua Mwongozo wa Kamati na kusoma sehemu ya majukumu ya wajumbe. Ukurasa wa pili ulimpa kifua cha mtu mzima, wa tatu ukamrudishia miaka yake yote arobaini na kitu. Alifunga upesi, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Kesho yake alifanya kosa. Kitabu kile kilikuwa nakala ya kamati na haikuruhusiwa kuonyeshwa mtu, lakini alikipeleka darasani akawasomea sura ya kwanza. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu mwenyewe alipungua kidogo kidogo kadiri alivyosoma, na alipotaka kuandika neno ubaoni, Kifutio alimsogezea kiti bila kuambiwa. Sura iliishia pale mbuzi alipopanda juu ya paa, mguu mmoja wa suruali ukining'inia mdomoni, bwana harusi amejifunga pazia uani. Kengele ikalia.

"Mwalimu, atashukaje?" akauliza Kifutio.

"Nikwambie?"

"Hapana!" Kifutio alimziba mdomo kabisa, kwa kiganja chenye chaki. "Usiniambie. Nitasoma mwenyewe. Vinakuja lini?"

"Kamati ikivipitisha."

"Ikipitisha lini?"

"Vitakuja," alisema Mwalimu. "Nakuahidi."

Shule zilinunua vilivyopendekezwa tu; kisichopendekezwa hata duka halikukileta. Mwalimu alilijua hilo, na bado akaahidi. Tangu siku hiyo Kifutio alimsubiri langoni kila asubuhi, akamuuliza neno moja tu, "Bado?", kisha akatangulia kwenda kufuta ubao.

Alhamisi ikafika. Mwenyekiti alikigeuza kitabu cha mbuzi hadi ukurasa wa mwisho, ambako bwana harusi, mtu mzima, alikuwa anacheka mpaka pazia linamvuka.

"Funzo liko wapi?"

"Halina, Mwenyekiti."

"Basi hakijaisha."

"Kimeisha! Naomba nikusomeeni sura moja tu. Jamani, moja. Hamjawahi kusoma hata moja."

Mwenyekiti aliangalia saa. "Mtu mzima na akili zake akae kusikiliza habari za mbuzi?"

Mwalimu akaanza tu, liwalo na liwe. Alijua ni kumpigia mbuzi gitaa, ingawa yule mbuzi wa kitabuni angalau angecheza. Penye suruali, Mkaguzi aliamka. Penye pazia, alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka, na hayakuwa na kazi tena kwa sababu mengine yalikuwa yameshaota. Upara ulifunikwa na nywele, na koti likabaki limesimama peke yake na kitoto cha miaka tisa ndani. Katibu alicheka mara moja, akapoteza masharubu, akaubana mdomo. Mwenyekiti yeye alikuwa ameziba masikio kwa vidole viwili, na hakuna kunyanzi lililosogea usoni pake.

"Wanaounga mkono?" aliuliza, baada ya kuona midomo imetulia.

Mikono miwili ilinyooshwa, yote imepotelea ndani ya nguo.

"Wapiga kura ni watu wazima," alisema Mwenyekiti.

"Mimi ni mjumbe!" Mwalimu alitoa kitambulisho. Sauti ilimtoka nyembamba, jambo lililomuudhi zaidi.

Mwenyekiti aliilinganisha picha na uso. "Huyu ni mama yako. Mwambie mwenyewe aje. Watoto hawakai kwenye kikao cha vitabu vya watoto. Nendeni nje mkacheze, na msipige kelele."

"Mwenyekiti, si umeona kwa macho yako? Umeona kilichotokea!"

"Nimeona. Ndiyo maana," akasema Mwenyekiti, akamgeukia Katibu. "Andika: kimekataliwa. Sababu: kinafaa watoto tu."

Katibu aliandika hivyo hivyo. Halafu alikikunja kitabu na kukisukuma chini ya ule mguu mfupi. Meza ikatulia, chai haikumwagika tena, na wajumbe wote waliobaki wakakubaliana kwamba kikao kilikuwa na manufaa.

Mwongozo ulikuwa wa wajumbe, na mtoto si mjumbe, kwa hiyo Mwalimu alinyang'anywa na akabaki vile alivyo. Mama yake alimkatia sare kutoka kwenye gauni lake la kufundishia, akinung'unika kwamba kitambaa kizuri kimeharibiwa. Mwalimu mkuu naye alikuwa mtu wa haki: mtoto hawezi kufundisha, lakini hafukuzwi shule. Alimpangia dawati moja na Kifutio, akaleta mwalimu wa muda.

"Bado?" Kifutio alimuuliza, wakati wakibanana kwenye dawati.

Mwalimu alikuwa na hasira. Akatikisa kichwa.

Vitabu vilivyopendekezwa vililetwa kwa maboksi, safari hii kila mtoto na chake: *Faida Kumi za Utiifu*. Mwalimu wa muda aliwaamuru wasome kimya, kuanzia mwanzo, faida zote kumi. Walisoma. Faida ya pili, mtu wa nyuma alianza kukohoa. Faida ya tatu, sare ya Mwalimu ilichanika mabegani, maana alikuwa amerudi umri wake, na hapo hapo akakifunga kitabu. Wenzake hawakufunga, hawakuwa wameambiwa wafunge. Faida ya tano, nywele za waliokaa mbele zilianza kuwa nyeupe, dawati kwa dawati, kama unga uliomwagwa.

"Kifutio, funga hicho kitabu!"

"Huenda mbuzi yuko mbele," alisema Kifutio bila kuinua macho. Sauti yake ilikuwa imeshakwaruza. "Ngoja nifike ya sita."

"Hayumo! Hayumo hata kidogo, mwanangu, funga!"

"Nani anapiga kelele huko?" aliuliza mwalimu wa muda.

Walimaliza zote kumi. Mchana darasa la tano lilitoka kwa foleni nzuri, likishikilia ukuta, na wazazi waliokuja kuwachukua waliwabebea mikoba. Wengine walilalamika kidogo kuhusu miwani. Wengi walikiri kwamba watoto siku hizi wanalala mapema na hawaombi kitu.

Mwenyekiti mwenyewe alikuja kukagua matokeo. Alisimama mlangoni akatazama vichwa vyeupe vilivyoinama, fimbo zikiwa zimeegemezwa kwenye madawati.

"Darasa limetulia kweli," alisema. "Mwakani tutakipeleka na darasa la nne."

"Mwenyekiti, ni wazee!"

"Wana adabu," akasema Mwenyekiti. Alimpongeza Mwalimu kwa kurudi utu uzimani, akamwambia nafasi yake kwenye kamati imeshachukuliwa na mwalimu wa muda.

Mwalimu alitoka. Alipanda ngazi hadi juu ya duka la rangi, akapiga magoti, akakichomoa kitabu chini ya meza. Nyuma yake chai ilimmwagikia Katibu mapajani, naye akamwita mtu mzima ovyo. Jalada lilikuwa limeingia shimo la duara, lakini kurasa zote zilikuwepo, na paa lilikuwepo, na mbuzi.

Alimkuta Kifutio wakati wa mapumziko, kwenye benchi la ukutani, akiota jua pamoja na wenzake. Ubao ulikuwa haujafutwa. Mkono haukufika tena juu. Mwalimu aliketi kando yake akamwekea kitabu mapajani.

"Kimekuja," alisema. "Si nilikuahidi?"

Kifutio alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri. Alitafuta miwani mfukoni, akaifuta kwa mkono wa sweta, akaivaa. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho. Kidole chake chenye makunyanzi kilishuka polepole, mstari kwa mstari, hadi chini kabisa, kikarudi juu kikaanza tena.

"Mwalimu," alisema, "hiki hakina funzo."

"Anza mwanzo, Kifutio. Mbuzi bado yuko juu ya paa. Hutaki kujua atashukaje?"

Kifutio alifikiri. Alifikiri kwa heshima, kwa sababu alikuwa ameulizwa na mwalimu.

"Atashuka akiambiwa," alisema.

Akakifunga, akamrudishia kwa mikono miwili, na kwa kuwa kengele ilikuwa imelia, akamwomba amshike mkono ainuke.