Uchafu wa Njia ya Kwanza

Shwe, shwe, shwe. Mtu alikuwa anapiga mswaki gizani.

Nilikuwa nimetoka darasa la jioni, umeme umekatika mtaa mzima, nami napapasa ukuta nikitafuta mlango wa chumba chetu. Nikafurahi. Nikajiambia, mwanangu Kidoti leo kapiga mswaki bila kukimbizwa nyumba nzima. Nikaifuata ile sauti nimbusu kabla hajalala. Kumbe haikutoka bafuni. Ilitoka chumba cha nyuma, na mwenye mswaki alikuwa baba mkwe.

Alikuwa ameinama juu ya meza yake ndefu, tochi kaibana kwapani, mswaki wa Kidoti mkononi, ule wa waridi wenye sungura kwenye mpini. Anauchovya kwenye kifuniko cha chupa chenye uji wa kahawia, anausugua kwa kidole gumba, na matone madogo madogo yanaruka na kutua katikati ya reli.

"Baba, huo si mswaki wa mtoto?"

"Ndiyo. Wangu una manyoya magumu, unatoa matone makubwa mno," akasema bila kugeuka. "Usiegemee meza, mama Kidoti."

"Na huo uji ni nini?"

"Mavi."

Mate ya chumvi yakanijaa mdomoni. Yeye akacheka kwa pua.

"Rangi, mwanangu. Rangi, vumbi la tofali na gundi kidogo. Lakini hapo inapotua, ni mavi."

Lazima niseme baba mkwe ni mtu wa namna gani, msije mkadhani ana kichaa. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, nyundo mkononi, akigonga reli na kusikiliza. Stesheni yake ilishafungwa, reli zikang'olewa, na sasa anaijenga upya mezani, ndogo, kila kitu kwa uwiano wake. Reli za plastiki za dukani hataki hata kuzisikia. Anaziita kandambili. Zake anazitengeneza mwenyewe: anachonga mataruma moja moja kutoka mbao nyembamba kama njiti za kiberiti, analaza juu yake reli nyembamba kama uzi wa gitaa, anazilehemu kwenye vichwa vya misumari midogo, kisha anapitisha katikati kipimo chake cha shaba cha kupimia upana. Kikikwama kidogo tu, anabandua zote. Mimi siioni hata hiyo kasoro. Yeye anaiona kama jiwe ndani ya kiatu.

Kazi nzuri, sikatai. Ila ukiishi nayo nyumba moja inatia kinyaa. Yale mataruma anayalainisha mdomoni. Anayajaza shavuni, anayachomoa moja moja, kila moja na uzi wake wa mate, na mdomo huohuo anambusu mjukuu. Dawa ya kulehemu inanuka kama nywele zilizoungua na imeingia mpaka kwenye nguo zetu kabatini. Siku moja nilitema kitu mezani nikidhani ni mwiba wa samaki. Baba mkwe akakiokota kando ya sahani yangu, akakipangusa kwenye suruali, akasema, "Hili nililitafuta sana."

Lakini mavi ndiyo niliona yamepita mpaka.

"Njia ya kwanza ndiko treni ya abiria ilikosimama muda mrefu," akanieleza, na tochi ikamulika uso wake mpole, kama anayefundisha mtoto kusoma. "Vyoo vya mabehewa vilikuwa tundu tu, kila kitu kinashuka chini. Kulikuwa na tangazo: usitumie choo treni ikisimama. Nani alilisoma? Sasa mimi nikiweka kokoto safi hapo, nimejenga nini? Nimejenga uongo."

"Si uongo, baba. Ni kusitiri."

"Njia haisitiriwi. Inapimwa." Akafungua kiganja chake. "Na hapa nimekuwekea zawadi."

Kilikuwa kisanamu cha mwanamke, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ameinama, kitambaa kichwani, ndoo pembeni, fagio mkononi.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mama yangu alisafisha njia ya kwanza ya stesheni ileile tangu nikiwa mgongoni mpaka nilipoolewa, na nyumba ile hakuna mkubwa asiyejua. Kidoti peke yake ndiye hakuambiwa. Yeye anajua bibi alifanya kazi stesheni, basi, na akicheza anamvalisha bibi kofia ya karatasi na kumpa filimbi aondoshe treni.

"Baba, nakuomba. Mtoe."

"Nikimtoa, nani alisafisha?"

"Jumamosi wanakuja watu wa chama. Mama naye anakuja kutusaidia. Aje ajikute mezani, ameinamia uchafu, watu wanamtazama? Na mtoto yupo?"

Nilijua anachotaka. Chama chao cha treni ndogo kilikuwa kinaandaa maonyesho kwenye ukumbi mkubwa, na mwenyekiti alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchagua kazi. Tangu niingie nyumba ile sikumsikia baba mkwe akitamani kitu kingine, hata viatu. Nikadhani atanielewa: kila mtu ana kitu anachokilinda.

"Nimemtengeneza kwa heshima," akasema, akamchovya yule mama miguu kwenye gundi na kumsimamisha katikati ya reli.

Asubuhi nilimshtakia mama mkwe, nikitegemea ataniunga mkono, maana naye alishaapa kuichoma ile meza. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua hata uso.

"Kinyaa chote hicho umekitoa wapi, mke wa mwanangu? Mama yako angekuwa nacho, wewe ungesoma kwa pesa gani?"

Nilitupa ule mswaki jalalani nikamnunulia Kidoti mwingine, wa twiga. Siku zote zilizobaki nilikuwa nafikiria namna moja tu: Jumamosi nitampeleka Kidoti kwa jirani, na mama nitamzuia jikoni. Chai ipelekwe na mimi. Wageni wacheke wanavyotaka wakiwa wenyewe, waondoke, mama asione, mtoto asisikie.

Jumamosi jirani alikuwa amesafiri.

Mwenyekiti alikuja na katibu wake. Mwenyekiti alikuwa mtu nadhifu, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kama mkufu. Katibu alikuwa mnene mchangamfu, aina ya mgeni anayekuta biskuti na kuzimaliza huku akizisifu. Nilizioka mwenyewe. Nikaziweka kwenye kiti kando ya meza, nikasimama mlangoni kama askari.

Na kwa kweli niliona fahari. Mwenyekiti alipitisha kipimo chake njia ya tatu, ya pili, akapiga magoti hata pale reli mbili zinapokatana, mahali ambapo baba mkwe alibandua na kurudia mpaka vidole vikatoka malengelenge. Akachukua jozi ya magurudumu, akayasukuma kwa kidole. Yakapita makutano yale bila hata kukohoa, yakaenda yenyewe mpaka mwisho wa meza.

"Mzee," akasema taratibu, "hii sijaiona kwa mtu."

Baba mkwe alitazama sakafu. Masikio yake yalikuwa yanacheka.

Kisha wakafika njia ya kwanza.

"Hapa umeweka kutu?"

"Si kutu," baba mkwe akasema, akaeleza kama alivyonieleza mimi, tundu, tangazo na yote.

Katibu akapaliwa na biskuti. "Mzee umetujengea choo! Bado inzi tu. Na huyu mwenye ndoo… mwenyekiti, hebu mtazame. Si ni Mama Mavi huyu? Kila stesheni ilikuwa na Mama Mavi wake."

Mwenyekiti akainamisha kioo chake, mabega yakaanza kumtikisika.

"Wacha niwaambie," katibu akaendelea, sasa kanogewa. "Nikirudi likizo kutoka shuleni, nilikuwa nabana tumbo tangu stesheni ya nyuma. Makusudi. Treni ikisimama, nachungulia dirishani, nawaona wako chini na ndoo zao. Basi naenda chooni, namaliza shida yangu, navuta maji. Wanavyoruka!" Akaonyesha kwa vidole viwili wanavyoruka, ukingoni mwa meza, vidole vyenye makombo ya biskuti zangu. "Mmoja aliwahi kupata kichwani."

Mwenyekiti alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko.

Sijui niseme vipi nilichohisi. Matone ya baba mkwe, mate yake, moshi wake, vyote vilikuwa usafi mtupu mbele ya vile vidole viwili vinavyoruka. Nyama ya mwili ilinisisimka kama nimekanyaga kitu laini gizani. Nilitaka nichukue sahani yangu. Hicho tu ndicho akili yangu ilikishika: arudishe biskuti zangu.

Nikageuka niwahi jikoni. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, chupa ya chai mkononi, Kidoti kashika sketi yake.

Sikuwa na njia ya kujua amesimama hapo tangu lini. Nikanyoosha mkono nichukue chupa, nikamwambia kwa macho, rudi mama, rudi na mtoto. Akanipita. Akaweka chupa juu ya kiti, akasogea mezani, akainama kidogo kutazama, mkono mmoja kiunoni.

"Mkwe," akamwambia baba mkwe, "hilo fagio litoe."

Kicheko kilikatika pale pale. Katibu alitazama kitambaa cha mama kichwani, akatazama mezani, vidole vyake bado viko hewani. Mwenyekiti akavaa miwani upesi, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Fagio?" baba mkwe akauliza.

"Lilikuwa la jukwaani. La kufagia maganda huko juu. Msimamizi alikataza lisishuke, litachafuka."

"Sasa chini mlitumia nini?"

"Mikono. Na kipande cha boksi, kikipatikana."

Alisema kama anayetaja bei ya vitunguu. Nami nikasimama pale, mtu mzima mwenye mtoto, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini mama yangu anakula kila kitu kwa kijiko, kwa nini hata mkate anaushika kwa karatasi. Utoto wangu wote nilidhani ni maringo ya watu wa stesheni.

Baba mkwe alishika ukingo wa meza. "Nilipita hapo kila asubuhi," akasema. "Na nyundo yangu. Kila asubuhi, mkwe."

"Ndiyo. Ulikuwa unatazama reli."

Hakumsema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa, basi. Lakini nilimwona yule mzee akipungua ndani ya shati lake.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, utusamehe, huyu mwenzangu ni mtu wa utani. Mzee, tusirefushe. Njia zako tunazichukua, tena tutaziweka katikati ya ukumbi. Ila hapa upasafishe, na hicho kisanamu ukitoe. Watakuja watu na familia zao. Hakuna anayetaka kuona kinyaa."

Niliona aibu kwamba maneno yake yalikuwa yangu, yale yale niliyomwambia baba mkwe gizani. Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa amechukua wembe. Akavuta taa karibu, akambana yule mama mdogo kwa kibano, na nikajua anamng'oa, na sijui kwa nini nilitaka kupiga kelele asimng'oe.

Akakata fagio.

Akalipuliza likaanguka sakafuni. Akachukua tupa yake ndogo, akalainisha kile kiganja, sasa kitupu, kinachoelekea kwenye kokoto.

"Mkono ulikuwa hivi, mkwe? Au chini zaidi?"

"Chini zaidi," mama akasema. "Na ndoo upande wa kushoto. Kulia treni ya njia ya pili ingeigonga."

"Mzee," mwenyekiti akasema, "umenisikia?"

"Nimekusikia. Nasahihisha."

"Hivyo basi haitakwenda."

"Haitakwenda," baba mkwe akakubali. Alikuwa ameisubiri sana siku ile. Lakini ndoo aliihamishia kushoto.

Waliondoka bila chai. Katibu aliaga kila mtu kwa jina la heshima, hata Kidoti alimwita "mama mkubwa", na mkono wake ulipofika kwangu niliuacha hewani. Nilichukua ile sahani kwa ncha za vidole, biskuti zilizobaki nikazimwaga kwa kuku, nikaisugua sahani mpaka maua yake yakaanza kufifia. Mpaka leo siitumii.

Niliporudi, mama na baba mkwe walikuwa bado wameinama pamoja. Mama anaelekeza kwa kidole, pale palikuwa pakavu, pale palikuwa pabaya zaidi, huko mwisho ndiko behewa la daraja la kwanza lilisimama na huko nako hakukuwa na tofauti yoyote. Baba mkwe alicheka kwa pua. Kidoti alikuwa anaruka-ruka nyuma yao, kidevu hakifiki mezani.

Mama akageuka akanitazama mimi kwanza. Alikuwa ananiuliza kama mtoto aonyeshwe, mikono yake kaificha tena ndani ya kanga, kama ambavyo huificha siku zote.

Nikasogeza kiti kilichokuwa njiani.

"Bibi, nibebe na mimi nione," Kidoti akasema.