Firigisi Bila Jiwe

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, kulikucha kwa manyunyu na baridi ya kupenya mifupa. Fundi viatu alimaliza sala yake, akaenda bandani, akamkuta Malkia amelala ubavu, miguu imekakamaa.

Malkia alikuwa mmoja wa kuku watatu wa kibete, wadogo kama njiwa, walioachwa na marehemu mkewe. Kabla hajakata roho, mama yule alimwambia dada yake, "Mume wangu akishindwa, wachukue wewe." Ndiyo maana fundi alipowaona wanakonda, alinyamaza. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ilimbidi amwite bwana mifugo, naye akafika pamoja na shemeji mtu, yule dada wa marehemu, aliyekwisha kusikia habari, tenga mkononi.

"Shemeji, umeniua!" shemeji alisema. "Dada kaacha kuku, wewe wanionyesha mzoga?"

"Nimewalisha kuliko nafsi yangu."

"Hilo naliona, umebaki fremu. Sasa mbona nao wamekwisha?"

Bwana mifugo alimpasua Malkia juu ya gunia. Firigisi ilijaa mahindi mazimamazima, yamevimba. Jiwe halikuwemo hata moja.

"Kuku hana meno, mzee. Changarawe ndizo meno yake. Uliwapa?"

"Kila siku! Maganda ya chaza yaliyosagwa."

"Hayo huyeyuka tumboni. Yanaimarisha ganda la yai, hayasagi mahindi. Kuku anayezurura hujiokotea vijiwe mwenyewe."

Fundi aliitazama sakafu ya saruji. Mkewe aliwaacha uani kutwa. Yeye, tangu mazishi, aliwafungia, paka asije akampokonya na hawa.

"Basi nikachukue kokoto pale wanapojenga," alisema kwa sauti ndogo.

"Uwachane matumbo? Hawa ni wadogo. Tafuta changarawe ngumu, zisizozidi punje ya mchele, zisizo na mafuta wala saruji. Zioshe, ziweke kwenye kibakuli wajichukulie. Maganda ya chaza yawe na chombo chake, ni ya watagao. Mahindi yaparaze, yavunjike vipande."

"Na vitamini?"

"Fuata kipimo cha pakiti. Ukizidisha, dawa hugeuka sumu."

Shemeji alikuwa amekwisha mnyanyua mmoja ili amtie tengani. Akasita, akampima kiganjani, machozi yakamtoka.

"Mwepesi hivi? Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

Manyunyu yaligonga bati. Fundi alivua kofia, akamwomba Mungu moyoni ampe ulimi.

"Shemeji, niliogopa utawachukua, nyumba ibaki kimya. Nikamwacha Malkia afe na njaa tumbo limejaa. Nasema mbele yako, na bwana mifugo ni shahidi, na Mungu anasikia: hawa wawili watazurura uani kila mchana, nami nitakaa nao. Bawa la mmoja likilegea tu, siku hiyohiyo nitakuja kukugongea mlango, hata kama ni ili uwachukue."