Damu ya Mavis Haisemi Kitu

Huku kwetu Connecticut, jirani kabisa na mji wa Lyme ambao jina lake ndilo ulilopewa ugonjwa unaoletwa na kupe, kupe ni kama shemeji mkorofi. Humpendi, humkaribishi, lakini yupo. Ukitoka kukata kuni unavua nguo barazani, mkeo anakukagua mgongo kama anachambua mchele. Tumefanya hivyo tangu tuoane, na wajukuu wakituona wanaziba macho.

Basi kiangazi kile Mavis wangu alipotokewa na duara jekundu nyuma ya goti, dalili ya Lyme ambayo huku hata mtoto anaijua, hatukujiuliza mara mbili. Miadi ya daktari ilikuwa mbali sana, na kabatini mlikuwa na vidonge vya Duke, mbwa wetu, vilivyobaki alipougua ugonjwa huohuo. Sisi watu wa huku hatutupi kitu, hata msumari uliopinda tunaunyoosha. Mavis akasoma jina la dawa, akasema ndiyo hiyohiyo wanayopewa watu, akavinywa vyote. Duara likafutika. Tukacheka sana, nikawa namuuliza kama anataka nimtupie mpira akaudake.

Majani yalipoanza kudondoka, magoti yakamvimba. Ukaja uchovu ambao kulala hakuuondoi. Halafu maneno yakaanza kumkimbia. Sasa Mavis ndiye aliyekuwa akiita hatua za ngoma kwenye ukumbi wa kijiji chetu. Wachezaji wanajipanga wawili wawili, yeye yuko jukwaani anawaambia nani amshike nani, nani azunguke wapi, yote kichwani. Jumamosi moja akanyamaza katikati. Fidla ikaendelea kidogo, ikakatika. Watu wakabaki wameshikana mikono, wanamtazama. Tukiwa njiani kurudi akaniambia hakuwa amesahau. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani, anawasikia wenzake nje.

Tukazunguka kwa madaktari. Kila damu yake ikipimwa, hamna kitu. Mmoja alisema ni umri, mwingine akasema ni huzuni, jirani yetu Hollis akasema anywe siki. Ndipo tukasikia kuna watafiti kutoka mjini wanatafuta watu ambao Lyme iliwaachia maumivu hata baada ya dawa, ili wapate kipimo kizuri zaidi. Mavis akataka jambo hilo moja tu, achukuliwe. Tiba hawakuahidi. Yeye alitaka mtu mwenye hadubini amwambie, mama, hujatunga.

Wakaja kutoa damu kwenye ukumbi wa kanisa. Na mimi nikatoa mkono wangu, maana waliotoa walikuwa wanapewa pai ya tufaha, na mimi pai siiachi.

Majibu yalipotoka, Daktari Sousa, mama mmoja mpole aliyeongoza utafiti, akatuita wote wawili. Damu yangu, akasema, imejaa alama za Lyme ya zamani. Mimi, ambaye sijawahi kulala kitandani mchana! Ya Mavis ilikuwa safi kama maji ya mvua. Na ili achukuliwe, ama damu ionyeshe, ama daktari awe aliliona lile duara. Walioliona ni mimi na Duke.

Mavis akamweleza habari ya vidonge. Daktari hakucheka. Alisema kipimo hakimwoni mdudu wa ugonjwa mwenyewe, kinawaona askari ambao mwili uliwaita kupigana naye. Ukimeza dawa mapema, mdudu anaweza kupigwa kabla askari hawajaamka vizuri, na kipimo kisikute kitu.

"Au inawezekana ni ugonjwa mwingine kabisa," akasema. "Kwa vipimo vya leo siwezi kujua, na sitakudanganya."

"Kwa hiyo nikiwa niliupata huuoni," Mavis akasema, "na kama sikuupata pia huuoni."

"Ndivyo."

"Sasa mimi, mwanangu, mnaniweka kundi gani?"

Daktari akaweka karatasi za majibu mezani. "Katika utafiti huu, mama, sina kundi la kukuweka."

Aliyetakiwa ni mimi. Wanahitaji pia watu walioupata wakabaki wazima, wawalinganishe na wagonjwa. Nikakataa palepale. Siwezi kuingia mlango ambao mke wangu amefungiwa. Kwenye gari Mavis akanishukia.

"Orrin, acha ujinga. Damu inayosema humu nyumbani ni yako peke yake. Nenda."

"Niende kufanya nini? Kuwaonyesha nilivyo mzima?"

"Ndiyo. Kazi hiyo unaiweza. Nyingine zote zimekushinda."

Nikaenda, na yeye akanisindikiza. Wakanitoa damu, halafu binti mmoja akaja na maswali. Wiki hii umeamka umechoka? Nikasema hapana. Mavis alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye paja lake. Viungo vinauma? Hapana. Kidole kikainuka tena. Kuna wakati unatafuta neno hulipati?

Binti akamwona. Kalamu ikasimama.

"Naandika majibu ya mzee tu, mama," akasema taratibu.

"Najua," Mavis akamjibu. "Endelea."

Akaendelea. Kila swali nilijibu hapana, na ilikuwa kweli tupu. Kidole cha mke wangu kilikuwa kinapanda na kushuka pembeni yangu, na ukurasa bado haujaisha.