Muulize Fundi Mwenyewe

Asubuhi ile shemeji aliingia karakanani na bunda la stika, kitambaa kikavu na chupa ndogo ya spiriti. Alifuta ubavu wa kila samani, akangoja ukauke, kisha akabandika stika na kuikandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni, kama alivyoelekezwa kwenye semina ya wafanyabiashara. Kila stika ilikuwa na mraba uliojaa vidoa vyeusi na vyeupe. Mjane wa kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Msasa, alikuwa amechuchumaa kando akilainisha mlango wa kabati, nyusi zimejaa vumbi la mbao.

"Huu ni msimbo wa QR, shemeji," alisema yule bwana. "Mteja anaelekeza kamera ya simu hapa, basi. Anajua mbao ya aina gani, bei gani, analipa vipi. Mambo ya kukauka koo kwa kumweleza kila anayepita yamekwisha."

"Umeweka jina la nani?"

"Langu. Na picha."

Mama Msasa aliendelea na kazi. Karakana ile aliianzisha yeye na mumewe wakiwa hawana mbele wala nyuma. Mume akikata na kuunga, yeye akipiga msasa na vanishi. Mume alipofariki, shemeji alijitolea kuja kufungua mlango asubuhi, na tangu hapo funguo hazikurudi. Sasa mwenye karakana alikuwa kibarua ndani ya karakana. Tena alikuwa ameambiwa chumba cha nyuma alichokuwa akilala akiache wazi mwisho wa mwezi, kiwe stoo. Hakuwa na pengine pa kwenda, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Kwenye semina walisisitiza msimbo ujaribiwe kwanza ndipo uchapishwe. Shemeji, kwa haraka zake, alichapisha kwanza. Kwa hiyo wa kuujaribu alikuwa mteja, mwalimu wa hesabu aliyehitaji meza. Aliinua simu, akaskani, na marehemu akasimama upande wa pili wa meza akijipangusa suruali.

"Karibu," alisema marehemu. "Mbao hii ilikaushwa kivulini. Miguu nimeichomeka, hakuna hata msumari mmoja. Usiiweke tu karibu na bomba la maji."

Mwalimu aliuliza kama droo inaweza kuwekewa kufuli. Marehemu akasema inawezekana, akataja bei, bei ya haki kabisa. Kisha akaongeza, "Na karakana hii ni ya mke wangu. Tuliijenga sisi wawili. Mdogo wangu hana hata patasi yake humu."

"Nashukuru sana, fundi," alisema mwalimu. Akafunga simu, marehemu akatoweka, na mwalimu akamlipa shemeji.

Shemeji aliinama akaikagua ile stika, asije akawa ameibandika imepinda. "Walituambia ni maandishi na picha," alisema. "Hawakusema mtu anakuja mzima."

Ikawa hivyo kila siku. Marehemu alikuja kwa kila aliyeskani, na hakuweza kuwa sehemu mbili. Mteja mwingine akiskani, alimwacha wa kwanza na kwenda kwa yule. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi wala hakuficha kasoro ya mbao. Tatizo lake lilikuwa moja: alimwona tu mwenye kushika simu. Mama Msasa, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe, aliwahi kumsogelea na kikombe cha maji, na mumewe akamtazama kama anavyotazama ukuta. Aliyanywa maji yale mwenyewe, nyuma ya rundo la mbao, huku analia.

Mwezi ulipokaribia kwisha alipiga moyo konde, akabeba kigoda chenye stika hadi kwenye kikao cha ukoo. Baba mkubwa wa marehemu, aliyekuwa mwenyekiti, aliskani kwa simu yake. Marehemu akaja. Wote wakasimama wakampa pole ya safari, naye akamwamkia baba mkubwa peke yake, kisha akarudia yale yale: karakana ni ya mke wangu, mdogo wangu amrudishie funguo.

"Tumekusikia, mwanangu," alisema baba mkubwa. "Umesema vizuri, kama kawaida yako. Lakini mambo ya mali yanazungumzwa na walio hai."

"Hata mimi niko hai, baba," alisema Mama Msasa.

"Tunajua, mama. Kaa kwanza."

Kikao kikaamua kwamba karakana ibaki kwa shemeji, ila awe anamjali mjane. Shangazi mmoja aliomba simu kabla haijafungwa, akamuuliza marehemu kuhusu kitanda chake kinacholia, na marehemu akamwelekeza vizuri bolti ya kukaza.

Shemeji hakuwa mjinga. Alichapisha stika mpya zilizoandikwa chini MUULIZE FUNDI MWENYEWE, na biashara ikapamba moto. Wateja aliwafundisha kwa upole, mmoja mmoja: "Akishataja bei, funga simu. Yanayofuata ni mambo ya kifamilia." Wateja walielewa; kila mtu ana familia.

Mwisho wa mwezi Mama Msasa alifunga virago. Vilikuwa godoro, sufuria na begi la nguo. Aliviweka kwenye benchi la wateja, nje ya geti, mchana kweupe, na shemeji akampa pole na kufunga geti. Benchi nalo lilikuwa na stika. Muuza vocha wa jirani, bila kuombwa, alimpa simu yake. "Iskani tu, mama," alisema. "Bando lipo."

Mama Msasa aliskani. Mumewe alikaa pembeni yake, kati ya sufuria na begi, akamtazama.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo."

"Kwa nini vitu vyako viko nje?"

Alimweleza. Mume alisikiliza huku anapitisha kiganja kwenye ukingo wa benchi.

"Nitaongea naye," alisema.

"Umeshaongea naye. Umeongea mbele ya wote, mpaka baba mkubwa."

"Wakasemaje?"

"Wakasema umesema vizuri."

Mume alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na mzito kama zamani. Mama Msasa alikuwa na mengi ya kumwambia, na kwa furaha ya kuonwa akashindwa kuchagua la kuanzia. Akiwa bado anachagua, mumewe aligeuza kichwa kuelekea getini.

"Nisamehe, mke wangu. Kuna mteja."

Akainuka, akapita kwenye geti bila kulifungua. Mama Msasa alibaki na simu mkononi, akamsikia ndani akimweleza mtu habari za kabati: mbao, bawaba, vanishi iliyopakwa mara tatu na mkono wa nani. Akamsikia akitaja bei. Akasimama ili asikie vizuri zaidi.

"Na karakana hii," alisema mumewe, na mteja akafunga simu.