Kituo cha Pili, Mita Nne Chini

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya Julai, Azenor Madec alikuwa ameinama gatini akisuuza miwani ya kuzamia katika ndoo ya maji ya sabuni. Abiria wa boti yake walikuwa kumi na mmoja. Mapezi ya mpira alishayapanga kwa ukubwa, suti za kuzamia zilining'inia kwenye kamba, na thamosi ya kahawa ilikuwa imefungwa kwa mpira karibu na usukani isije ikalala chini mara ya nne wiki hiyo.

Fanch, aliyevua kamba-mti miaka arobaini na sasa anamsaidia Azenor kwa sababu nyumbani anamkera mkewe, alikuja akiburuta nanga na habari.

"Mwenye nyumba wako huyo anakuja. Kavaa kofia ya nahodha. Nimsalimie au nimpe usukani kabisa?"

"Mpe jaketi la kuokolea, halafu unyamaze."

"Nikimfungia kamba vibaya?"

"Fanch."

"Nauliza tu, mama. Kuuliza si kosa."

Bwana Vasselin alishuka ngazi za gati pamoja na mkewe, Odile, aliyebeba kamera ya majini shingoni. Alikuwa mtu mchangamfu, mwekundu wa mashavu, na alimpa kila mtu mkono, hata abiria wenzake waliodhani yeye ndiye nahodha.

"Bi. Azenor! Nyumba inasemaje?"

"Nyumba haisemi, bwana. Imejaa Wabelgiji."

Akacheka sana. Azenor naye akacheka kidogo, maana alikuwa na neno la kumwomba na hakutaka kuliharibu mapema.

Kisiwani Molezan mtu hupanga nyumba miezi tisa. Anaingia Septemba, anatoka Juni, na Julai na Agosti nyumba inarudi kwa mwenyewe, ambaye huipangisha kwa wageni wiki kwa wiki. Mkataba unasema hivyo na hakuna anayebishana nao. Zamani wenyeji walipitisha miezi hiyo miwili kwenye mahema, kwenye mabanda ya mashua, au kwa binamu waliokwisha kuwachoka. Kisha kiangazi kimoja, siku ya bamvua, maji yalipokupwa hadi ghuba ikabaki mchanga mtupu, Rozenn mwoka mikate aliteremka na magodoro mawili na birika, akakaa kati ya kuta za mawe za mashamba ya kale yaliyozama, akasema kwamba amechoka na mahema. Maji yakajaa. Rozenn hakutoka. Asubuhi yake moshi wa jiko lake ulipanda juu ukiwa mapovu, na mikate ikapatikana saa moja kamili kama kawaida, ila ilikuwa na chumvi zaidi.

Mwaka uliofuata wakashuka watu sita. Sasa kulikuwa na nyumba kumi na tisa huko chini, na tarishi alikuwa akienda Jumanne na Ijumaa. Kuku hawakupapenda, wakarudishwa juu.

Mama yake Azenor, Herveline, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa ameshuka kwa mara ya tatu. Kushuka hakukumsumbua. Kupanda ndiko kulikomsumbua: mwaka jana alirudi juu na chumvi kwenye nyusi hadi Oktoba, na alilalamika kwamba ngazi za nyumbani zina kelele. Daktari, anayekuja kisiwani kila Alhamisi, alimpima akasema moyo wake unafaa kuishi juu na unafaa kuishi chini.

"Ila achague mahali pamoja, Bi. Azenor," alisema. "Kuhamahama ndiko kutakakommaliza."

Mama Herveline alichagua juu, kwa sababu ya bustani yake ya vitunguu. Kilichobaki ni Bwana Vasselin kukubali miezi kumi na miwili badala ya tisa.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwenye majabali ya sili, wanyama wa baharini wenye masharubu. Maji yalikuwa na baridi ya kuuma meno. Abiria waliruka, wakapiga kelele, wakatulia, na sili wakaja kuwatazama kwa upole. Mwanamke mmoja alimuuliza Fanch kama sili wale ni wa kweli.

"Baadhi," Fanch alisema.

Waliporudi botini na kupewa kahawa, Azenor alimwachia Fanch usukani, akaenda kuketi karibu na Bwana Vasselin. Alimweleza habari ya mama yake bila kuzunguka. Bwana Vasselin alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa.

"Unajua, lakini," alisema mwishoni, "Julai na Agosti ndiyo miezi nyumba inapojilipia paa."

"Najua."

"Na nasikia huko chini yuko vizuri."

"Nenda ukamwone mwenyewe, basi," Azenor alisema. "Yuko hapo mbele. Ndiyo kituo chetu cha pili."

Hakuwa akimtega. Watu wa Molezan wanaamini kwamba ukimtazama mtu usoni, akakupa kiti, huwezi tena kumtoa nyumbani kwake. Wamezoea kutazamana kwa sababu hakuna mahali pa kukwepana.

Nanga ilishuka pembeni, mbali na mapaa. Maji hapo yalikuwa ya kijani, safi hivi kwamba abiria wawili walisita kuingia wakidhani wataanguka. Walipotia nyuso majini waliona kijiji chote: njia ya kokoto, nguo zilizoanikwa zikilala upande mmoja na mkondo, Rozenn akifagia kizingiti, kaa watatu wakisubiri amalize. Kila nyumba mbao zake za madirisha zilikuwa na rangi yake, maana kisiwani Molezan mtu hupaka madirisha kwa rangi iliyobaki alipopaka mashua. Ya Mama Herveline ilikuwa buluu, ya mashua ya marehemu mumewe.

Wengine waliridhika kuelea na kutazama. Bwana Vasselin alivuta pumzi, akapiga mbizi hadi mlangoni, akabisha.

Mama Herveline alifungua. Akamwonyesha mkeka. Ndani ya nyumba zile mtu hupumua kama kawaida, mradi afute miguu mlangoni.

Azenor alijilaza juu ya maji, mrija wa kupumulia mdomoni, akatazama kupitia dirisha la sebule. Alikuwa hajawahi kuona mama yake akimkaribisha mgeni huko chini, na pamoja na wasiwasi wake wote alitaka kujua anafanyaje. Mama alifanya vilevile kama juu. Alimvutia mgeni kiti kizuri, yeye akakalia kibovu. Alikata keki ya siagi vipande vikubwa. Aliongea, akaonyesha paja lake, halafu dari, halafu paja tena. Azenor akajua anaeleza habari ya ngazi. Kamba-mti alipita mezani na hakuna aliyemjali. Bwana Vasselin aliweka mkono kifuani.

Dakika ishirini zilipita. Kisha Mama Herveline akaleta mkebe na brashi. Mgeni anayekunywa kahawa nyumbani kwa mtu kwa mara ya kwanza hupewa brashi apake mstari mmoja kwenye ubao wa dirisha, asije akapotea njia siku nyingine. Hata padri alipaka. Bwana Vasselin alitoka nje, akapaka mstari mrefu wa buluu kwa uangalifu, ncha ya ulimi ikimtoka. Odile, aliyekuwa akielea juu yake, alipiga picha saba.

Bwana Vasselin alipopanda botini macho yalikuwa mekundu. Azenor alimpa taulo.

"Bi. Azenor," alisema, "mama yako ni mtu wa ajabu."

"Asante, bwana."

"Ameniambia kila kitu. Ngazi, vitunguu, kila kitu. Nimeumia." Alijifuta uso. "Na kimya kile! Mwanga ule! Hakuna upepo, hakuna pikipiki. Nimekuja kisiwa hiki miaka kumi na minane, sijawahi kupumzika kama nilivyopumzika kwenye kile kiti. Nyumba ile ni ya nani?"

"Ya mama."

"Ndiyo, lakini hati. Hati iko kwa nani?"

Hapo Fanch akaangua kicheko. Mdomo wake haujawahi kukaa.

"Hati! Huku kwetu, bwana wee? Tazama rangi ya dirisha. Aliyepaka ndiye mwenyewe, na kila mtu anajua. Karatasi inalowa, rangi ya mashua hailowi."

"Aliyepaka ndiye mwenyewe," Bwana Vasselin alirudia.

"Tangu babu na babu."

Kwenye kituo cha tatu, ufukwe mweupe ambapo abiria huogelea na kula dagaa wa kuchoma, Bwana Vasselin alimwomba Fanch aseme maneno yale tena mbele ya kamera. Fanch hakuwahi kurekodiwa maishani. Akasema mara tatu, ya tatu akiwa amevaa kofia ya nahodha. Azenor alikuwa mbali akifungua mrija wa binti aliyemeza maji, na aliporudi gatini saa saba na nusu aliamini kwamba siku imekwenda vizuri.

Oktoba Azenor aliitwa bara, kwa wakili wa mikataba, kuhusu nyumba ya madirisha ya buluu, pamoja na mama yake, Fanch na Rozenn. Ofisi ilikuwa na zulia, na Mama Herveline, chumvi bado nyusini, alifuta miguu mara mbili. Wakili alikuwa kijana mstaarabu. Alimuuliza Fanch, baada ya kumlisha kiapo, kama ni kweli kwamba kisiwani kwao umiliki wa nyumba za chini hujulikana kwa rangi ya madirisha.

Fanch alimtazama Azenor. Kisha akatazama Biblia.

"Kweli," alisema.

"Na katika picha hii, nani anapaka?"

"Bwana Vasselin."

"Kuna picha ya mtu mwingine yeyote akipaka dirisha hili?"

Haikuwapo. Hakuna aliyewahi kufikiri kupiga picha ya mtu akipaka dirisha lake mwenyewe.

"Lakini ni mstari mmoja!" Rozenn alisema. "Wa ukarimu!"

"Sheria haisemi ni mistari mingapi, mama," wakili alijibu, kwa masikitiko yaliyoonekana ya kweli.

Njiani kurudi kisiwani, mnara wa taa ulipoonekana, Fanch alimsogelea Azenor.

"Nipige kofi, Azenor."

"Mikono imeganda. Kesho."

Msidhani Bwana Vasselin alikuwa mtu mbaya. Wiki ileile alimwandikia Mama Herveline barua ndefu kwa mkono wake. Alisema hawezi kusahau kahawa ile. Alisema hatavumilia kuona mtu kama yeye anakosa mahali, na kwa hiyo anampangishia nyumba ya chini, kwa bei ya kirafiki, kuanzia Septemba hadi Juni. Julai na Agosti ataihitaji yeye na wageni wake. Mkataba wa nyumba ya juu ulibaki vilevile.

Azenor aliisoma barua kwa sauti mezani, akaisoma tena kimya akitafuta mahali alipokosea. Hakupaona.

"Nyumba mbili," Mama Herveline alisema, akimenya kitunguu. "Baba yako asingeamini."

"Mbili wakati huohuo, mama. Kiangazi huna hata moja."

"Nimesikia, Azenor. Sina shida ya masikio."

Kufikia majira ya kuchipua watu wengine saba walikuwa wamegundua mistari kwenye madirisha yao, ya wageni waliowakaribisha vizuri, na picha zake. Waliobaki waliacha kutoa kahawa, lakini ilikuwa vigumu kwao, na wawili walirudia. Rozenn alihamia mbele zaidi, mita tisa chini, ambako mkate hauumuki sawasawa. Mama Herveline hangeweza mita tisa. Daktari alipoulizwa Alhamisi alirudia kauli yake kwamba mtu wa umri ule achague mahali pamoja, juu au chini, akae. Akaandika hivyo kwenye karatasi, akapiga muhuri.

Tarehe mosi Julai Azenor alifunga kiti cha mama yake kwa kamba nyuma ya usukani, mahali pasipofikwa na mawimbi, akamwekea blanketi na mto. Hapakuwa juu, na hapakuwa chini. Safari ya asubuhi ilianza saa tatu na nusu, ya alasiri saa nane, na Mama Herveline alikwenda zote mbili, kila siku ya Mungu. Usiku alilala hapohapo botini. Nyusi zake hazikuota chumvi wala hazikukauka. Wageni walipouliza kama bibi yule yumo kwenye safari, Fanch alisema yumo, na picha ruhusa.

Siku moja, kwenye kituo cha pili, msichana wa Kijerumani aliyekuwa akitetemeka alikuja kuketi karibu naye, maji yakimchuruzika. Mama Herveline akampa nusu ya blanketi.

"Mmefikia wapi, binti?"

"Hapo chini, bibi. Ile yenye madirisha ya buluu. Tuna wiki nzima."

"Mnalala vizuri?"

"Vizuri, ila kuna kitu kinagonga usiku kucha. Baba anasema ni mzimu."

"Ni dirisha la jikoni," Mama Herveline alisema. "Maji yakianza kujaa huwa linagonga. Kachukue kijiko kwenye droo ya kushoto, ukibane kwenye komeo. Kile kikubwa. Vidogo huanguka."