Farasi wa Tango

Moto wa kumkaribisha mume wangu unawaka mlangoni, nami usingizi unanichukua nikiwa nimekaa kizingitini, farasi mkononi. Ni farasi wa tango, miguu yake vijiti vinne. Kwetu Japani, kila kiangazi wafu wanaporudi nyumbani, tunawatengenezea farasi ili wafike upesi, na ng'ombe wa bilinganya wa kuwarudisha polepole, kwa sababu hakuna anayetaka waondoke. Miaka yote tangu vita nimemtengenezea Kiyotsugu farasi, na miaka yote moto umezimika bila mtu kuingia. Leo nimechoka kungoja. Nainuka, navuka kizingiti, na badala ya uchochoro wetu naona lango jekundu lisilo na mlango, na nyuma yake lango, na nyuma yake lango jingine, na najua ninakokwenda: hekalu la waliokufa vitani, ambako jina la mume wangu liliingizwa bila mtu kuniuliza.

Natembea, na kila nikipita lango msimu unageuka. Theluji, kisha taa za karatasi za kiangazi, kisha mpunga mpya umetandazwa mbele ya madhabahu, kisha theluji tena, na njia ni ileile. Kuhani wa joho jeupe anafagia changarawe. Hana uso. Nimekuja kumchukua mume wangu, namwambia. Ananiuliza huku akifagia: Ukimwaga kikombe cha maji kisimani, mama, utarudi kuchota tone lipi? Sikumwaga mimi, nasema kwa hasira, mlimwaga ninyi! Anainama kwa adabu zote, ananionyesha njia ileile niliyojia. Naifuata, na inanifikisha mbele.

Hapa ni majira ya maua. Chini ya mcheri uliochanua wamekaa vijana wa kikosi chake wakinywa sake, pombe ya mchele, naye katikati yao, kijana yuleyule niliyemsindikiza bandarini, ilhali mimi sasa nina mvi. Kiyotsugu, farasi wako huyu, twende nyumbani. Anatazama chini. Fumie, nisamehe. Tulikula kiapo na wenzangu kabla meli haijang'oa nanga: atakayekufa awangoje wengine hapa, chini ya mti huu. Na mimi je? Uliniambia niwashe moto! Nilikuambia ili usilie, anasema. Sote tuliwaambia wake zetu hivyo.

Roho inaniuma kuliko siku niliyoletewa habari za kifo chake. Hata hivyo nampa farasi, mjinga mimi, maana bado nadhani akishapanda atanifuata. Anapanda. Anamgeuza kichwa, anarudi kwa wenzake, nao wanampigia makofi.

Naamka kizingitini. Majivu yana joto, ua la mcheri limenata kwenye kandambili yangu, na huu ni mwezi wa nane, si majira ya maua. Farasi hayupo. Labda paka kamchukua, labda bado nimelala. Amebaki ng'ombe wa bilinganya, wa kumsindikiza polepole mtu ambaye hakuja.