Farasi wa Theluji

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa kuingia Songea, na kila kitu kiliingia. Ziliingia redio, yakaingia mashati ya mitumba yenye majina ya watu tusiowajua, na siku moja, katika kontena la msaada lililoletwa parokiani Mfaranyaki, ikaingia pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ilivaa viatu viwili virefu vya chuma, chini ikakalia mkanda mpana wa mpira. Padri alisoma karatasi zake akasema ni pikipiki ya kupitia kwenye theluji. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jovina hakucheka. Huyu alikuwa binti wa mzee Sipriani, fundi wa Majengo aliyejifunzia ufundi kwa mabruda wa Hanga. Tangu macho ya baba yake yaanze kuingia ukungu, Jovina ndiye aliyeshika spana, na mjini walikuwepo wengi waliosubiri siku atakayoumbuka. Aliinama chini ya ile takataka, akafuta kibamba kwa kanga yake, akasoma kwamba injini ina nguvu ya farasi arobaini. Palepale akamwomba padri ampe.

Alijua pa kuipeleka. Kikundi cha akina mama wa parokia kilikuwa na kinu kizuri cha kusaga mahindi kisicho na injini. Mashine pekee ya mtaa ilikuwa ya Edmund, yuleyule aliyekuwa ananunua mahindi yao tangu chama cha ushirika kianze kukohoa. Edmund alisaga akipenda na kufunga akipenda, na sasa alikuwa anakitaka hata kile kinu akiunganishe na mashine yake.

Jovina alihangaika na ile injini msimu mzima. Aliichongea puli, gurudumu la mkanda, la kupunguza mwendo, akaitengenezea feni kubwa zaidi, kwa kuwa injini iliyozoea barafu isingeliweza jua letu. Ilipowaka alikwenda kwa mama Theodosia, mwenyekiti wa kikundi, akampa shikamoo na habari ya farasi arobaini. Mama yule hakupapatika. Injini ya kwanza ya kikundi nayo ilikuja na kibamba cha sifa, ikafa gunia la kwanza halijaisha, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

“Kibamba hakisagi mahindi, mwanangu,” alisema. “Kinu kinataka farasi kumi na tano. Nionyeshe hao kumi na tano, mbele ya watu. Wasipofika, kinu kinakwenda kwa Edmund.”

Mzee Sipriani alikuwa anajua namna ya kuwaonyesha, maana mabruda walimfundisha. Unaibana puli kwa magogo mawili, na gogo moja unaliacha litoke kama mkono, urefu wa mita moja. Injini ikizunguka inataka kuuzungusha na ule mkono, lakini ncha yake umeifunga kwenye mizani, haiendi popote. Unakaza magogo mpaka injini ielemewe, unasoma mizani. Kwa mwendo wa puli aliyoichonga Jovina, kila kilo mbili zilikuwa farasi mmoja. Kumi na tano wangetaka kilo thelathini. Arobaini wa kibamba walikuwa wa injini mpya, kwa kasi yake yote.

Iliyokosekana ilikuwa mizani, na hapo Edmund akajitolea yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Alikuja na ileile ya kuning'iniza aliyopimia magunia yetu, akaisimamisha juu ya miti mitatu katika uwanja wa parokia, kando ya saruji ya kujengea darasa. Akawatangazia watu kwamba mizani ile haijawahi kukosea, na kwamba farasi wa barafu watayeyuka kabla ya saa ya chakula.

Jovina aliivuta kamba. Injini ikapiga kelele kali ambayo Mfaranyaki haijapata kuisikia, watoto wakaziba masikio, moshi wa buluu ukapanda. Mzee Sipriani aliweka kifaa cha kuhesabia mizunguko kwenye ncha ya shafti, kichwa ameinamisha, anasikiliza zaidi ya kuona. Jovina akakaza bolti za yale magogo. Yakafuka, wakayamwagia maji. Akakaza tena, mpaka injini ikashusha sauti na kukaa pale baba yake alipotaka. Mzee akainua mkono. Mama Theodosia akasoma mizani kwa sauti: ishirini na sita.

Farasi kumi na watatu.

Wakarudia. Ishirini na sita. Edmund alicheka, akaagiza vijana wake wakalete mkokoteni wa kubebea kinu. Jovina alisimama na spana yake mkononi. Kilichomuuma kuliko kinu ni kumwona baba yake akifuta kile kifaa taratibu, kama mtu anayekirudisha mahali pake kwa mara ya mwisho.

Lakini bega lake lilikuwa linakataa. Alikuwa ameushika ule mkono wa gogo wakati unavuta, na toka utotoni alikuwa anajitwisha magunia. Alijua thelathini inavyolemea. Akaikumbuka tena hiyo mizani. Ni mama gani wa Songea aliyewahi kujaza gunia lake nyumbani akalikuta limejaa kwa Edmund? Kila mtu alisema mahindi yamekauka njiani.

Alikwenda kwenye rundo la saruji, akabeba mfuko mmoja mpya, uzi wake wa kiwandani haujaguswa, akautundika kwenye mizani. Mfuko uliandikwa kilo hamsini. Mshale ukapanda, ukasita, ukakaa kwenye arobaini na tatu.

Jovina akautundika wa pili, nao ukasoma vilevile.

“Mzee Edmund,” alisema kwa adabu yote aliyolelewa nayo, “saruji nayo hukauka njiani?”

Edmund aliona macho ya watu yamehama kutoka kwenye injini. Akasema upesi kwamba ni mtikisiko wa safari, kitu kidogo tu, mara moja kitakaa sawa. Akapeleka mkono nyuma ya mizani, bila kuinama, bila kupapasa, akaigusa skrubu ndogo na kuizungusha. Mfuko ukasoma hamsini kamili.

Jovina aliivuta kamba tena. Safari hii hakutazama mshale, alimtazama baba yake. Mzee akainua mkono, na mama Theodosia akasoma: thelathini, na ushee. Vigelegele vikaifunika injini. Mzee Sipriani alivua kofia yake, akawageukia watu asiowaona vizuri, akasema, “Huyu ni mwanangu,” na Jovina, ambaye hakulia moto wala spana vilipomjeruhi, akalia.

Edmund alianza kuifungua mizani yake kwenye miti. Mama Theodosia akaweka kiganja juu yake.

“Hii iache,” alisema. “Farasi wa Jovina tumewapata. Kesho utakuja utuonyeshe tena ile skrubu ulivyoijua bila kuitazama, na sisi tutakuja na hesabu ya magunia yetu.”